Usimuue baba yako ili uingie chuo kikuu!

KIJANA msomaji, leo naomba tuache kidogo habari za bei ya unga na nauli ya daladala. Kaa hapo kijiweni, agiza kahawa na kashata, tuzungumze jambo linalowahusu wengi wenu mliomaliza kidato cha sita na sasa mnababaika mtaani mkitafuta pa kwenda.

Nianze kwa kukiri dhambi. Mimi nilimuua baba yangu. Sikutumia panga wala sumu. Nilimuua kwa kalamu.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza kidato cha sita, matokeo mazuri, mfukoni patupu. Mtaani kwetu palikuwa na bwana mmoja, mkoba wa ngozi mkononi, viatu vinang'aa, aliyejitapa kwamba ana njia ya kuwapeleka vijana kwenye vyuo vikubwa vya Marekani. Mama akampa fedha aliyopokea kwenye upatu. Yule bwana akasoma maelezo niliyoandika kuhusu mimi mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Bwana mdogo, hii haina mvuto. Waombaji ni maelfu. Lazima uonekane tofauti. Wazungu wanapenda machozi. Andika baba alifariki, andika unalala njaa."

Nikaandika. Wakati ule ule baba yuko uani anashona viatu vya watu, akaniita nimpelekee maji ya kunywa. Nilimpelekea, kisha nikarudi mezani kumzika.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa: hapana. Yule bwana alikuwa ameshahama mtaa. Fedha ya mama ilikwenda na maji.

Nakueleza haya kwa sababu biashara ile haijafa. Leo imevaa suti mpya. Inatangazwa kwenye simu yako kila siku: "Tunakutengenezea wasifu", "Tunakuandikia insha", "Tutakufanya ung'are". Ndugu yangu, kabla hujauziwa mbuzi kwenye gunia, sikiliza kwanza mchezo wenyewe ukoje na nani aliyeutunga.

Nani aliandika sheria za mchezo?

Hapo zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, chuo kama Harvard kilichagua wanafunzi zaidi kwa mtihani. Ukifaulu, unaingia. Basi wakatokea vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, wakasoma kwelikweli na wakafaulu. Kufikia mwaka 1922 walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila wanafunzi watano wa mwaka wa kwanza pale Harvard.

Wakubwa wakashtuka. Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, akataka iwekwe idadi maalumu ya kuwazuia. Walimu wake wakakataa kuweka ubaguzi hadharani namna ile. Lowell hakurudi nyuma. Mwaka 1926 ukapita utaratibu mpya: sasa mwombaji apimwe pia kwa "tabia" na "haiba" yake. Ilitakiwa hata picha ya mwombaji. Idadi ya Wayahudi ikashuka bila mtu kutamka neno Myahudi. Yale na Princeton nao walitumia njia za aina hiyo, na watoto wa waliosoma pale zamani wakapewa upendeleo.

Umeona kiini macho hicho? Walalahoi waliposhinda kwa mtihani, wenye nyumba walibadilisha mtihani. Wakaweka kipimo kisicho na rula, ambacho anayekishika ndiye anayeamua urefu. Maneno unayoambiwa leo, kwamba uwe "mtu kamili" na "uonekane tofauti", mizizi yake imo mle.

Hata kwetu mhuri ulikuwepo

Usicheke ukadhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Waulize wazee. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka isiyopungua miwili, kisha aje na barua ya kumpendekeza kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la chama.

Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri: msomi awajue watu na ajue kazi. Wapo waliofaidika, nasi tunawaheshimu. Lakini ukishaweka tabia ya kijana mikononi mwa mwenyekiti wa tawi, unakuwa umeuliza swali jingine kabisa. Huulizi tena "Unajua nini?" Unauliza "Unajuana na nani?" Utaratibu ule ulilegezwa kidogo kidogo baadaye, na umeshakwisha. Funzo lake halijaisha. Kipimo cha haiba siku zote humpendelea anayemjua mwenye mhuri.

Mlango wa mbele, wa nyuma na wa pembeni

Turudi Marekani, tuone vigogo wa kule wanavyobebana.

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard, ikaishia Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 2023, ilitoa hadharani takwimu zilizokuwa kabatini. Kwa waombaji wa miaka sita iliyochunguzwa, watoto wa waliosoma pale walikubaliwa kwa takriban asilimia 34. Wale wasio na mzazi aliyesoma pale hawakufika asilimia 6. Mwaka huo huo wa 2023, wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichunguza vyuo 12 vya juu vya Marekani. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri wakubwa alikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati mwenye alama zile zile.

Alama zile zile, ndugu yangu!

Na wapo ambao hata hilo halikuwatosha. Mwezi Machi 2019 serikali ya Marekani ilifichua mtandao wa bwana mmoja aitwaye William Singer. Yeye alisema kuna mlango wa mbele wa wanaofaulu, mlango wa nyuma wa wanaochangia majengo, na yeye amefungua mlango wa pembeni. Matajiri walimlipa, naye akahonga makocha na wasimamizi wa mitihani. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili mabinti zao wawili waingie chuo kikuu cha Southern California kama wapiga makasia wa mashindano. Hawakuwa wapiga makasia. Walipigwa picha juu ya mashine ya mazoezi, basi. Loughlin alifungwa miezi miwili. Singer alihukumiwa miaka mitatu na nusu mwezi Januari 2023.

Sasa jiulize. Tajiri wa California ananunua picha ya kasia, na wewe wa Manzese unanunua cheti cha "mwenyekiti wa asasi" ambayo haina ofisi wala mwanachama. Tofauti iko wapi? Tofauti ni moja tu: yeye ana wakili.

Sasa kabwela afanye nini?

Hapa ndipo wengine watasema: kumbe mchezo wenyewe una mizengwe, tuachane nao. Hapana! Mimi nakwambia vingine. Ujue mchezo, kisha uingie kwa silaha ambayo mtoto wa kigogo hawezi kuinunua.

Tazama hesabu. Mwaka 2024 Harvard ilipata waombaji 54,008 ikawachukua 1,937. Yaani kati ya kila mia, chini ya wanne. Wengi sana kati ya walioachwa wana alama za juu kabisa. Kwa hiyo alama zinakupeleka mlangoni, hazikuingizi ndani. Bila alama usijisumbue. MIT ilirudisha sharti la mtihani wa SAT mwaka 2022, Harvard ikafuata mwaka 2024. Hesabu zako na Kiingereza chako kwanza, mengine baadaye.

Ukishafika mlangoni, anayesoma karatasi zako ni mtu aliyechoka. Amesoma mamia ya maombi. Amekutana na "kiongozi mwenye maono" mara elfu. Amekutana na yatima wa kubuni mara nyingi kuliko unavyodhani. Unadhani machozi yako ya kununua yatamshtua? Uongo unafanana. Wote mliokwenda kwa dalali mmoja mmeandikiwa insha moja, mkabadilishiwa majina tu.

Nirudi kwenye dhambi yangu. Yule bwana wa mkoba alifuta aya moja katika maelezo yangu, akisema ni mambo ya uswahilini. Aya ile ilisema hivi: tangu nilipokuwa darasa la saba nilikuwa natunza daftari la baba. Viatu vilikuwa vinapotea, wateja wanagombana, wengine wanakopa wanasahau. Nikaanza kukipa kila kiatu namba kwa chaki chini ya soli, namba ile ile nikaiandika daftarini, na kipande cha karatasi nikampa mteja. Ugomvi ukaisha. Kisha nikagundua kwenye daftari kwamba viatu hulala bila kuchukuliwa katikati ya mwezi, kwa kuwa watu hawana fedha. Nikamshauri baba apokee malipo kwa awamu mbili. Kodi ya chumba ikaanza kulipwa kwa wakati.

Niambie wewe, kati ya waombaji maelfu kwa maelfu, wangapi walikuwa na daftari lile? Mimi peke yangu! Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nacho, nikakifuta, nikaweka mahali pake kifo cha uongo ambacho kila tapeli anacho.

Ndiyo maana nakwambia, kaa chini uandike daftari lako. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya kule, iitwayo Common App, inakupa nafasi ya kutaja shughuli 10, na kila moja unaieleza kwa herufi 150 tu, nafasi zikihesabiwa. Hapo hakuna pa kumwaga porojo. Usiandike "Nimejitolea kusaidia jamii". Andika kwa Kiingereza chako safi kitu kama hiki: "Nimetunza daftari la fundi viatu miaka 5, nilianzisha namba kwa kila kiatu, upotevu ukaisha." Umesema kazi, muda, ulichobadilisha na matokeo.

Na usidhani kazi ya nyumbani haihesabiki. Kuuza mitumba Kariakoo baada ya masomo ni shughuli. Kulea wadogo zako mama akiwa sokoni ni shughuli. Kuwafundisha hesabu watoto wa jirani barazani ni shughuli. Kufungua redio mbovu mpaka ukajua kwa nini haisemi ni shughuli. Fomu ile ina kipengele cha kazi ya kulipwa na cha majukumu ya kifamilia. Mtoto wa kigogo ana dereva wa kumpeleka kwenye kuogelea. Wewe una miaka sita ya kusimamia genge. Nani amekwambia genge ni aibu?

Kisha ipo insha, isiyozidi maneno 650. Chagua jambo moja dogo lililotokea kweli. Eleza ulifanya nini, ulikosea wapi, ulifikiri nini baadaye. Iandike mwenyewe. Mpe mwalimu wa Kiingereza akusahihishie makosa, asikubadilishie sauti. Na umaskini wako usiufiche wala usiuuze. Utaje pale unapoeleza jambo, kama unavyotaja mvua katika habari ya safari.

Barua ya mwalimu nayo isikupite. Walimu wetu wana wanafunzi wengi darasani, na wengine huandika tu "ni kijana mtiifu" wakapiga mhuri. Utiifu haukupeleki kokote. Mwendee mwalimu anayekujua kweli, mapema, kwa adabu. Mkumbushe siku ile ulipobishana naye kuhusu swali la fizikia ukarudi kesho yake na jibu. Mwombe aandike kisa hicho.

Fedha: hapa ndipo wengi huingizwa mjini

Sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo viwanja vya wazee vinapouzwa.

Vyuo vingi vya Marekani vikikuchukua wewe mgeni vinakutaka ulipe, na uwezo wako wa kulipa huangaliwa wakati wa kukuchagua. Vipo vichache ambavyo havitazami mfuko wako wakati wa kuchagua hata kama si raia wao, na ukichaguliwa hulipa pengo lote ambalo familia yako haiwezi. Miongoni mwa vinavyojulikana kwa hilo ni Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. MIT haiwapi upendeleo watoto wa wahitimu wake, na Amherst iliufuta upendeleo huo mwaka 2021. Hata ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe. Kwa hiyo anayekwambia atoe "chochote" ili upate nafasi huko, mwambie akupe risiti ya chuo. Utaona atakavyotoweka.

Na juu ya chuo ipo viza. Mlango huo hufungwa na kufunguliwa kwa saini. Mwezi Juni 2025 Rais Donald Trump aliwabana raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Burundi, na mwezi Desemba 2025 Tanzania nayo ikaingizwa kwenye orodha ya nchi zilizobanwa. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, uliza ubalozini hali ikoje siku hiyo. Usiuze kiwanja cha mzee kwa ahadi ya dalali ambaye hata yeye hana pasipoti.

Na hapa nyumbani je?

Hapa nyumbani mchezo ni mwingine. TCU huweka sifa za chini, na vyuo huchagua kwa ushindani wa alama katika masomo yanayotakiwa. Ukiomba udaktari Muhimbili hakuna anayesoma insha yako. Anayekuuzia "wasifu wa kung'ara" kwa chuo cha hapa anakuuzia koti la sufi Dar es Salaam mwezi Februari. Soma mwongozo wa TCU mwenyewe, mstari kwa mstari, na fomu ya Bodi ya Mikopo uijaze kwa makini.

Mtu ataniuliza: huo si uadilifu kuliko wa Marekani? Kwa upande mmoja, ndiyo. Alama haijui jina la baba yako. Lakini alama inajua shule yako ilikuwa na maabara au haikuwa nayo, na mwalimu wa fizikia alikuwepo au nafasi yake ilikuwa wazi mwaka mzima. Hilo hulimalizi kwa insha. Hilo ni la kuwauliza wakubwa, hadharani, bila kuchoka, mpaka kijana wa shule ya kata aingie kwenye chumba cha mtihani akiwa amewahi kushika kipimajoto.

Mpaka hapo, kijana, mambo ni haya. Jifunze mchezo. Pata alama. Andika ukweli wako kwa vipimo na kwa tarehe. Omba vyuo vya nje ukijua milango ipi imefunguliwa kweli, na omba vya nyumbani pia, usiweke mayai yote kwenye kapu moja. Ukikosa, hujapungukiwa utu. Kumbuka hao wengine wa kule zaidi ya 52,000 waliokosa pamoja nawe.

Na usimuue mtu. Baba aliwahi kuniuliza, "Hivi uliwaandikia nini wale Wazungu?" Nikamjibu nimeandika habari za masomo. Akaridhika, akaendelea kushona. Alipofariki kweli, miaka mingi baadaye, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika tangazo la msiba. Nilikaa na kalamu tangu magharibi mpaka usiku wa manane nisiandike neno, kwa kuwa maneno yale nilikuwa nimeshayaandika mara moja kwa fedha ya upatu wa mama.

Daftari lake ninalo mpaka leo. Wewe lako liko wapi? Kazi kwako.